Presha Isiyoshuka Usiku
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Nyahanga na za ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita

Presha ni nini

Presha, ambayo katika lugha ya hospitali huitwa shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu huzisukuma nayo kuta za mishipa wakati moyo unapoisambaza mwilini, na kwa sababu hiyo kila mtu aliye hai anayo; mtu anaposemwa mtaani kwamba "ana presha", maana yake ni kwamba nguvu hiyo imezidi kiasi. Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili, ile ya juu ikionyesha nguvu ya damu wakati moyo unapobana, na ile ya chini wakati moyo unapolegea. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya zahanati, vikichukuliwa kwa siku zaidi ya moja, hufika 140 kwa 90 au kupita hapo, huhesabiwa kuwa na presha ya juu, na inatosha namba moja tu kati ya hizo mbili kuvuka mpaka.

Namba hizo hazitulii mahali pamoja kutwa nzima. Hupanda mtu anapobeba gunia la mpunga, anapokasirika au anapokimbilia basi, na hushuka anapolala. Kwa mtu mwenye afya, presha ya usingizini huwa pungufu ya ile ya mchana kwa asilimia 10 hadi 20, yaani mwenye wastani wa 130 mchana hutarajiwa kuwa kati ya 104 na 117 usiku, na upungufu huo ndio mapumziko ya moyo na mishipa baada ya kazi ya kutwa. Wapo watu ambao presha yao haishuki usiku, na wapo ambao kwao hupanda kuliko ya mchana. Kijitabu hiki kinawahusu hao, pamoja na wote wanaolala nao nyumba moja.

Kwa nini presha ya usiku iogopwe kuliko ya mchana

Moyo wa mtu ambaye presha yake haishuki usiku hufanana na punda asiyefunguliwa mkokoteni jua linapozama. Huendelea kuvuta mzigo uleule mpaka alfajiri, siku baada ya siku, na baada ya miaka kadhaa misuli yake huwa minene, kisha hutanuka na kulegea, mpaka moyo unashindwa kusukuma damu ya kutosha, hali ambayo madaktari huiita moyo kushindwa kufanya kazi. Mishipa ya ubongo nayo hupasuka au kuziba, na hicho ndicho kiharusi. Figo huharibika kimyakimya, na figo zikishaharibika zenyewe huipandisha presha zaidi, hususan ya usiku, kwa hiyo ugonjwa mmoja huulisha mwingine.

Katika mji wa Ohasama, kaskazini mwa Japani, watafiti walianza mwaka 1987 kuwafungia wakazi mashine za kupima presha mchana na usiku, wakawafuatilia kwa miaka mingi, na ikadhihirika kwamba kadiri presha ya mtu ilivyoshindwa kushuka usiku ndivyo hatari yake ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au kiharusi ilivyozidi, hata kwa watu ambao wastani wa presha yao haukuwa juu. Jambo hili ni zito kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa tafiti nyingi zimeonyesha kwamba presha ya watu wenye asili ya Afrika huwa na tabia ya kutoshuka vizuri usiku kuliko ya watu wenye asili ya Ulaya. Saa za alfajiri na asubuhi, ambapo presha hupanda kwa ghafla mtu anapoamka, ndizo saa ambazo mishtuko ya moyo na viharusi hutokea kwa wingi, na ndiyo sababu familia nyingi humkuta mgonjwa ameanguka akielekea chooni kabla ya chai.

Tabia moja inayoua kuliko zote

Tabia hiyo ni kuacha dawa siku mtu anapojisikia mzima.

Mgonjwa hupimwa, huambiwa presha iko 170 kwa 100, hupewa vidonge vya mwezi mmoja, huvimeza kwa wiki mbili, kichwa kinapoa, usingizi unakuja, kisha vidonge vilivyobaki huwekwa juu ya kabati kungoja siku ambayo kichwa kitauma tena. Hesabu hiyo si sahihi hata kidogo, kwa kuwa watu wengi wenye presha ya juu hawaumwi kichwa, hawasikii kizunguzungu wala hawachoki, na presha inayotisha kuliko zote hupanda saa ambazo mwenyewe amelala fofofo na hana namna ya kuhisi chochote. Anayeipima presha yake kwa kusikilizia mwili anakisikiliza kitu kisicho na sauti. Kujisikia mzima baada ya wiki mbili za vidonge maana yake ni kwamba vidonge vinafanya kazi, wala si kwamba ugonjwa umeondoka.

Kwa hiyo kanuni ni hii, nayo itarudiwa katika kurasa hizi mpaka ichoshe: dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima.

Sababu zinazotolewa na wanaoacha dawa zinajulikana, na kila moja inastahili jibu la heshima. Wapo wanaohofia kwamba mwili "utaizoea dawa", yaani watakuwa watumwa wake; ukweli ni kwamba dawa hizi hazina uraibu, na anayezimeza kwa miaka 20 anazimeza kwa sababu ugonjwa umekaa naye miaka 20. Wapo waliovimba miguu kwa amlodipini, au waliopata kikohozi kikavu kwa kaptopril au lisinopril, na hao wana haki ya kulalamika, lakini malalamiko hayo yapelekwe kwa mganga wa zahanati ili abadilishe dawa, kwa sababu zipo za aina nyingi na inayomkataa mtu mmoja ina mwenzake inayomfaa. Wapo wanaume wanaosema, kwa sauti ya chini na baada ya kuulizwa mara mbili, kwamba dawa zimewapunguzia nguvu za kiume. Baadhi ya dawa zinaweza kufanya hivyo, lakini presha isiyotibiwa huiharibu mishipa ileile ambayo nguvu hizo huitegemea, kwa hiyo anayeacha dawa kwa ajili ya unyumba hupoteza vyote viwili. Wapo wasiomeza siku wanayokunywa pombe kwa kuogopa kuchanganya, na matokeo yake ni kwamba Jumamosi na Jumapili zote hupita bila kidonge. Wapo walioombewa wakaambiwa wamepona. Sala haizuiliwi na mtu yeyote, na hakuna zahanati inayomtaka mgonjwa aache kusali, ila uponyaji wa kweli huonekana pia kwenye mashine, na anayeamini amepona apimwe mara kadhaa huku akiendelea na dawa mpaka mtaalamu mwenyewe aamue kuzipunguza.

Sababu ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote, na si haki kumlaumu mtu ambaye zahanati imemwambia dawa zimekwisha. Hata hivyo, kununua vidonge vitatu vitatu kwenye duka la dawa muhimu huishia kwenye mapengo ya siku mbili na tatu, na mapengo hayo ndiyo njia ya kiharusi. Kaya inayouza mpunga, au inayopata mgawo wa mawe ya dhahabu, inunue dawa za mwezi mzima, ikiwezekana za miezi miwili, siku ileile fedha inapoingia, kabla ya matumizi mengine kuanza kuita. Mganga aulizwe waziwazi kama ipo dawa ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi ileile, kwa maana mara nyingi ipo.

Ieleweke pia kwamba baadhi ya dawa, kama atenolol, zikikatishwa ghafla huweza kuipandisha presha kwa kishindo na kuubana moyo, hivyo kuacha ghafla kunaweza kuwa kubaya kuliko hali ilivyokuwa kabla ya kuanza.

Dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima.

Saa ya kumeza

Swali la kama vidonge vimezwe asubuhi au usiku limewasumbua wengi, hasa baada ya kusikia kwamba presha ya usiku ndiyo mbaya zaidi. Nchini Uingereza utafiti uliohusisha watu zaidi ya 21,000 ulilinganisha waliomeza dawa asubuhi na waliomeza jioni, na majibu yake, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba makundi hayo hayakutofautiana kwa mishtuko ya moyo, viharusi wala vifo. Saa bora, basi, ni ile ambayo mtu hataisahau: anayekunywa uji kila asubuhi aviweke vidonge karibu na kikombe cha uji, na anayepiga mswaki kila usiku aviweke karibu na mswaki. Dawa za kukojoza, kama bendrofluazaidi na hidroklorothiazaidi, hufaa zaidi asubuhi, ili mgonjwa asiamke usiku kwenda chooni, isipokuwa daktari akielekeza vinginevyo. Anayefunga Ramadhani aonane na mtaalamu kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu vidonge vya mara moja kwa siku vinaweza kuhamishiwa saa ya futari au ya daku bila kuruka hata siku moja.

Mwanafamilia anaweza kusaidia kwa kuhesabu. Pakiti ya vidonge 30 iliyofunguliwa tarehe mosi, ambayo tarehe 30 bado ina vidonge 11 vinavyong'aa ndani ya karatasi yake, inaeleza jambo ambalo mgonjwa mwenyewe hakulisema kliniki.

Ugonjwa huu ulivyoingia huku

Wazee wanaosema kwamba zamani presha haikuwepo hawasemi uongo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya South Kavirondo, upande wa Kenya wa ziwa hilihili ambalo Mwanza na Geita zinalitazama, aliandika kwamba amewapima wanaume 1,000 na kukuta kwamba presha yao haikupanda kwa umri baada ya miaka 40 kama ilivyokuwa Ulaya, na kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa muda wa karibu miaka miwili hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu. Miaka 60 baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi walifuatiliwa na kulinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani, na presha yao ikaonekana kupanda mapema sana baada ya kufika mjini, huku mkojo wao ukionyesha chumvi nyingi zaidi kuliko ya wenzao wa kijijini. Damu ilikuwa ileile na ukoo uleule. Kilichobadilika kilikuwa sufuria, kazi na usingizi.

Kahama, ambako Nyahanga iko, ni mji wa wahamaji wa namna hiyo. Watu wameufuata kwa ajili ya mchele, kwa ajili ya barabara ya malori yanayotoka Isaka kwenda Rwanda na Burundi, na zaidi ya yote kwa ajili ya dhahabu ya Bulyanhulu, ya Buzwagi kabla uchimbaji wake haujakoma, na ya machimbo madogo kama Mwime, na wengi wao walikuja wakiwa vijana wenye presha nzuri. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu. Utafiti mwingine uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji kimoja cha Hai, Kilimanjaro, uliotolewa mwaka 2000, ulikuta kwamba chini ya watu 20 kati ya kila 100 wenye presha ya juu walijijua, na chini ya mmoja kati ya 100 alikuwa ameidhibiti. Katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambako wagonjwa mahututi wa kanda hii hupelekwa, watafiti waliofuatilia wodi kwa miaka mitatu walikuta kwamba maradhi yanayotokana na presha ndiyo yaliyoongoza kwa kuua kati ya magonjwa yasiyoambukiza, na wengi wa waliokufa hawakuwa wazee. Anayeendelea kusema kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri na wanene ameachwa nyuma na wakati.

Machimboni, karashani na barabarani

Mwili una saa yake, na saa hiyo inataka giza, utulivu na usingizi ili presha ishuke. Mchimbaji anayeingia duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, saa mbili usiku, mwendesha karasha ya kusaga mawe, mlinzi, dereva wa lori na kijana wa bodaboda anayelala saa nne kwa siku huinyima presha nafasi ya kushuka, na mara nyingi huongezea mambo matatu yanayoipandisha.

La kwanza ni vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo hunywewa chupa juu ya chupa ili kufukuza usingizi, na ambavyo huupiga moyo mbio saa ileile ulipopaswa kutulia. La pili ni pombe ya kuleta usingizi, gongo ikiwa mbaya kuliko zote kwa kuwa hakuna ajuaye nguvu yake. Pombe humlaza mtu haraka, kisha huuvuruga usingizi na kuipandisha presha. La tatu, ambalo halisemwi vya kutosha, ni dawa za maumivu. Baada ya kupandisha viroba vya mawe kutoka chini, mgongo huuma, na diklofenaki au ibuprofeni humezwa kila jioni kama sehemu ya chakula, ilhali dawa hizo hupandisha presha, hudhoofisha kazi ya baadhi ya vidonge vya presha na huumiza figo. Mwenye presha anayehitaji dawa ya maumivu aanze na paracetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa, na maumivu yasiyoisha ayapeleke kituo cha afya. Wanaochoma zebaki, hasa wanaoichomea ndani au karibu na jiko la nyumbani, wakumbuke kwamba mvuke wake hudhuru figo pia, na figo iliyodhurika haiachi presha salama.

Anayefanya kazi usiku ameze dawa saa ileile ya saa ya ukutani kila siku, iwe zamu ya mchana au ya usiku, alale mchana katika chumba kilichofunikwa mwanga, na zamu za usiku mfululizo zipunguzwe panapowezekana. Rashi, yaani mkimbilio wa dhahabu mpya, ikitokea mahali pengine na vijana wakahama usiku kwa usiku, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo, daftari la kliniki na vidonge vitangulie kwenye begi kabla ya sururu. Daftari hilo linasomeka katika zahanati yoyote nchini, na mgonjwa aliyelibeba hahitaji kuanza upya Nyarugusu au Chunya.

Dawa ya presha humezwa kila siku, duarani na nyumbani, hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima.

Chumvi na magadi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kijiko hicho kinahesabu chumvi yote, ile ya kwenye mboga, ya kwenye mkate na ya kwenye supu. Mwili uliojazwa chumvi mchana hulazimika kuitoa usiku kupitia mkojo, na kwa wengi presha hubaki juu kwa ajili ya kazi hiyo.

Wapishi wengi hudhani wamepunguza chumvi kumbe imeingia kwa mlango mwingine. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na mlenda ili vilainike yana sodiamu, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, hivyo mboga isiyo na chumvi lakini yenye magadi bado ina madhara. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vipande vya mchemraba vya supu ni chumvi kwa sehemu kubwa. Samaki waliokaushwa kwa chumvi walowekwe na maji yake yamwagwe mara mbili kabla ya kupikwa. Kikopo cha chumvi kiondolewe mezani, kwa kuwa anayenyunyizia chipsi au nyama choma kabla hata ya kuionja ameshaamua kwa mazoea. Matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mboga za majani, maharage, ndizi na matunda ni vyakula vyema, isipokuwa kwa mgonjwa wa figo, ambaye aulize kliniki matunda yapi yanamfaa.

Sigara na ugoro

Viachwe vyote, kwa kuwa hakuna kiasi kidogo kinachomfaa mwenye presha.

Dalili ambazo huonekana na anayelala jirani

Ingawa presha ya usiku haihisiwi na aliyelala, mke, mume au mtoto anayelala chumba kimoja naye anaweza kuona mambo yanayohitaji kupelekwa hospitali. Anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kabisa kwa muda kama aliyekata roho, kisha akashtuka akivuta pumzi kwa kishindo, ana tatizo la pumzi kukatika usingizini, na tatizo hilo ni moja ya sababu kubwa za presha kutoshuka usiku, hasa kwa wenye shingo nene na uzito mkubwa. Anayeamka kukojoa mara mbili au zaidi kila usiku anaweza kuwa na presha, kisukari, moyo dhaifu au, kwa mwanamume mtu mzima, tatizo la tezi dume.

Anayeamka saa nane za usiku akihema, akakimbilia dirishani kutafuta hewa, au ambaye zamani alilala kwa mto mmoja na sasa hawezi kulala bila mito mitatu, huku miguu ikivimba jioni, ana dalili za moyo unaoshindwa. Hapa pana hatari ya pekee, kwa kuwa katika jamii nyingi za kanda hii kukosa pumzi usiku huelezwa kama kukabwa na jinamizi au kurogwa na jirani, na kiharusi nacho hudhaniwa kuwa kazi ya mashetani, kisha wiki za thamani hupotea kwa mganga wa kienyeji. Familia inayoamini hivyo haipaswi kudharauliwa. Inachoombwa ni kwamba mgonjwa afikishwe kwanza kwenye mashine ya presha, siku hiyohiyo.

Kupima ipasavyo

Mkanda uliofungwa juu ya shati la mikono mirefu, kwa mtu aliyeshuka kwenye bodaboda dakika hiyo, akiwa amekunja miguu na anasimulia habari za foleni, hutoa namba isiyo ya kweli. Mtu akae dakika tano kimya, mgongo ukiegemea, miguu ikiwa chini bila kukunjwa, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa mezani sawa na usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi ya mkono wa juu. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia.

Kaya yenye uwezo wa kununua mashine inunue ya mkono wa juu kuliko ya kifundo cha mkono. Kabla ya kwenda kliniki, mgonjwa ajipime kwa siku saba, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, mara mbili kila safari, na kuziandika namba zote daftarini hata zile zisizompendeza. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85. Majirani wanaweza kuchangia mashine moja kupitia kikundi chao cha kuweka na kukopa. Presha ya usingizini yenyewe hupimwa kwa mashine ndogo inayofungwa kiunoni kwa saa 24, ambayo hujaza mkanda kila baada ya dakika 20 hadi 30, na wastani wa usiku unaofika 120 kwa 70 huhesabiwa kuwa wa juu. Mashine hiyo hutafutwa katika hospitali kubwa zenye madaktari wa moyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Asiyeweza kufika huko asikate tamaa, kwa sababu tiba yake huanza kwa vidonge vilevile.

Kisukari

Kila mwenye kisukari apimwe presha kila anapofika kliniki, na kila mwenye presha apimwe sukari.

Mama mjamzito

Presha ya mjamzito ikifika 140 kwa 90, akaumwa kichwa kisichoisha, akaona maruweruwe, akavimba uso na mikono au akaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, apelekwe hospitali bila kusubiri kuche, kwa kuwa kifafa cha mimba huweza kumchukua yeye na mtoto. Losartani, kaptopril na lisinopril hazifai katika ujauzito, kwa hiyo mwanamke anayezitumia aonane na daktari mara tu anapotaka mtoto au anapokosa siku zake, abadilishiwe, wala asiache tu kwa uamuzi wake. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba ana hatari zaidi ya presha na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele, na apimwe kila mwaka hata kama mtoto huyo sasa yuko sekondari. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake. Zipo njia nyingine, na mhudumu aulizwe.

Vitunguu saumu, mlonge na choya

Viliwe na kunywewa kama chakula, wala visikae mahali pa kidonge.

Dharura

Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, maneno yakikorogeka, kifua kikibana na maumivu kushuka mkononi au kupanda tayani, pumzi ikikatika, au presha ikifika 180 kwa 110 pamoja na dalili yoyote kati ya hizo, mgonjwa apelekwe Hospitali ya Manispaa ya Kahama au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huohuo, kwa gari la yeyote atakayepatikana. Asipewe maji wala chakula, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Asiwekewe kidonge cha presha chini ya ulimi ili "ishuke haraka", kwa maana kushuka kwa ghafla huweza kuukatia ubongo damu iliyobaki. Alazwe ubavu, ila anayekosa pumzi aketishwe, nguo zilegezwe, saa dalili zilipoanza ikumbukwe, na vidonge vyake vyote vichukuliwe pamoja na daftari ili daktari avione.

Usiku wa leo

Dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima. Kila kaya ya Nyahanga inayosoma ukurasa huu iangalie juu ya kabati, nyuma ya redio, ndani ya mkoba wa bibi na mfukoni mwa koti la kazi, na vidonge vilivyoachwa humo vitolewe, tarehe ya kuisha muda wake isomwe, na mwenyewe apelekwe zahanati kesho asubuhi akapimwe na kuanzishiwa tena tiba yake.